Kibaba, Ratili na Dumu: Upimaji wa Mawese katika Ufuo wa Tanganyika

Tunapozungumza juu ya utamaduni wa taifa, mara nyingi mawazo yetu hukimbilia ngoma, mavazi, ngano na mashairi. Si vibaya. Lakini upo utamaduni mwingine usioimbwa wala kuchezwa, nao ni utamaduni wa kupima. Namna watu wanavyokadiria nafaka, chumvi na mafuta, chombo wanachokiamini na chombo wanachokitilia shaka, maneno wanayoyatumia kusema kwamba kitu kimejaa au kimepungua, hayo yote ni sehemu ya historia yao kama zilivyo vita na safari. Katika insha hii tunakusudia kueleza habari za bidhaa moja tu, yaani mawese ya Kigoma na Ujiji, na swali moja ambalo wauzaji na wanunuzi wa ufuo wa Ziwa Tanganyika wamekuwa wakiulizana kwa vizazi vingi: chombo hiki cha mafuta kina uzito gani?

Wahenga walisema kuwa haba na haba hujaza kibaba. Methali hiyo yatufundisha subira, nasi twaikubali. Lakini haitwambii kibaba kilichojaa kina uzito kiasi gani, wala haisemi kama kimejazwa mchele, unga au mafuta. Hapo ndipo mambo yetu yanapoanzia.

Mchikichi ni mti wa Afrika. Katika nchi yetu hustawi hasa katika mkoa wa Kigoma, kwenye mabonde na miteremko inayoelekea ziwani, mahali penye mvua na joto la kutosha. Mashada ya ngazi hukatwa mtini, huachwa siku kadhaa hata ngazi zilegee, kisha ngazi huchambuliwa na kuchemshwa mpaka ziwe laini. Baada ya hapo hutwangwa kinuni au kutiwa katika mashine ya kukamulia, na yale yatokayo huchemshwa pamoja na maji. Mafuta huelea juu, nayo huenguliwa kwa kata au kikombe na kutiwa katika chombo kingine yachemshwe tena ili maji yaliyosalia yakauke. Msomaji na aikumbuke kazi hiyo ya kuengua, kwa kuwa ndani yake mna siri mbili tutakazozihitaji baadaye. Siri ya kwanza ni kwamba mafuta huelea kwa sababu ni mepesi kuliko maji. Ya pili ni kwamba mafuta na maji hukaa jirani tangu mwanzo, na mtu mvivu au mwenye hila aweza kuyaacha yakae pamoja hata sokoni.

Richard Burton na John Speke walipofika Ujiji mwezi Februari mwaka 1858 walikuta mji wa biashara. Burton aliandika juu ya michikichi ya pwani hiyo na juu ya mafuta yake. Wakati huo Ujiji palikuwa mahali pa kukutania Wajiji na Waha wa nchi hiyo, wavuvi na wachuuzi waliovuka kwa mitumbwi kutoka ng'ambo ya magharibi, na Waarabu na Waswahili waliofuata njia ya misafara kutoka Bagamoyo kupitia Tabora. Samaki, nafaka, chumvi ya chemchemi za Uvinza, nguo, shanga na mawese vilibadilishana mikono katika soko lile. Baadaye ilikuja biashara kubwa ya pembe za ndovu kutoka Manyema, na pamoja nayo biashara mbaya ya watumwa, ambayo hatupaswi kuisahau kila tunapousifu mji huo wa kale.

Verney Lovett Cameron, aliyefika Ujiji mwaka 1874, alieleza jambo linalostahili kusomwa na kila mwanafunzi wa historia ya uchumi. Aliona kuwa bei sokoni zilihesabiwa kwa shanga ziitwazo sofi, zilizofanana na vipande vifupi vya mrija wa kiko. Soko lilipofunguliwa, walikuwapo watu wenye mifuko ya sofi waliobadilisha shanga nyingine na kuwapa wanunuzi sofi za kununulia. Soko lilipofungwa, walizipokea tena kutoka kwa wauzaji. Kwa maneno mengine, Ujiji palikuwa na fedha yake na wabadilishaji wa fedha wake, kabla hapajawa na benki wala serikali ya kigeni. Wale wanaodhani kwamba hesabu ililetwa huku na wakoloni hawana budi kuyafikiri maneno hayo.

Basi katika soko lililokuwa na hesabu namna hiyo, mambo yalipimwaje? Wafanya biashara wa pwani walikuja na taratibu mbili za vipimo, na ni muhimu tusizichanganye.

Taratibu ya kwanza ilikuwa ya chombo, yaani ya ujazo. Kibaba ndicho kilichokuwa mwanzo wake. Vibaba viwili vilifanya kisaga kimoja, na visaga viwili vilifanya pishi moja, kwa hiyo pishi ilikuwa vibaba vinne. Kibaba cha nafaka kilikisiwa kuwa na uzito wa kama ratili moja na nusu, na pishi kama ratili sita, ingawa vipimo vilitofautiana kutoka mji hadi mji. Taratibu ya pili ilikuwa ya mizani, yaani ya uzito. Humo mlikuwa na wakia, uzito wa riale moja ya fedha, ile ya Maria Theresa yenye gramu 28 hivi. Wakia 16 zilifanya ratili, ratili tatu zilifanya mani, na mani 12 zilifanya frasila. Kwa hesabu hiyo frasila ilikuwa ratili 36 za pwani; Waingereza waliihesabu kuwa ratili zao 35, ambazo ni karibu kilo 16.

Sasa tutazame ni bidhaa gani iliyofuata taratibu ipi. Pembe za ndovu zilipimwa kwa frasila. Tangu Manyema hata Unguja bei yake ilitajwa kwa frasila, kwa kuwa pembe ilikuwa inakwenda baharini, na huko mnunuzi wa mwisho alikuwa na mizani. Mawese, kinyume chake, yalikuwa chakula na mafuta ya watu wa ziwani wenyewe. Yaliuzwa kwa chungu, kwa mtungi na kwa kibuyu. Mnunuzi alikitazama chombo, akakiinua, akapatana bei, na muuzaji akaongeza kidogo juu yake kuwa nyongeza. Twaweza kusema, basi, kwamba kilichokwenda ng'ambo kilipimwa kwa mizani, na kilicholiwa nyumbani kilipimwa kwa chombo. Hiyo si dalili ya ujinga. Pale ambapo muuzaji na mnunuzi hukutana kila siku, nao wakitumia chombo kile kile, chombo hutosha. Shida huanza siku bidhaa inapovuka mpaka kutoka taratibu moja hadi nyingine.

Lugha yenyewe yatuonyesha jinsi wazee wetu walivyokuwa makini. Walitofautisha kibaba cha tele, yaani kilichorundikwa hata kikafanya kichuguu, na kibaba cha mfuto, yaani kilichofutwa juu kikawa sawa na ukingo. Aliyepatana bei bila kusema ni kibaba gani alijitafutia ugomvi. Lakini mafuta ni kimiminika, hayarundiki. Kila kibaba cha mafuta ni cha mfuto kwa lazima. Kwa ajili hiyo mtu angedhani kuwa mafuta ni bidhaa rahisi kuliko zote kupima, isiyoweza kumpunja mtu. Tutaona kwamba sivyo.

Wajerumani walijenga kituo chao Ujiji mwaka 1896. Nchi yao ilikuwa imekwisha kuchukua vipimo vya meta, lita na kilo tangu mwaka 1872, nao wakavileta katika ofisi zao. Mwaka 1914 reli ya kati ilifika Kigoma, na bidhaa za ufuo zikapata njia ya kwenda Dar es Salaam kwa siku chache badala ya miezi. Mwezi Julai mwaka 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya Wabelgiji yaliiteka Kigoma, na Wabelgiji wakaitawala sehemu hiyo mpaka mwaka 1921. Nao pia walikuwa watu wa kilo na lita. Kisha wakaja Waingereza, na pamoja nao zikaja ratili, galoni na painti. Baada ya uhuru, katika miaka ya 1960 na 1970, nchi za Afrika Mashariki ziliviacha vipimo vya Kiingereza na kurudi kwenye kilo na lita, na Sheria ya Vipimo ya mwaka 1982 ikatilia nguvu jambo hilo katika Tanzania.

Hebu tumfikirie mwanamke wa Ujiji aliyezaliwa karibu na mwaka 1890 na kuishi miaka 85. Alipokuwa mtoto, mama yake aliuza mawese kwa chungu na kulipwa kwa vitu. Alipokuwa kijana alisikia kilo za Wajerumani, kisha kilo za Wabelgiji. Alipokuwa mtu mzima aliambiwa kilo si kitu tena, sasa ni ratili na galoni. Na alipokuwa bibi kizee aliambiwa ratili imekwisha, kilo imerudi. Katika muda huo wote mti ulikuwa ule ule, na mafuta yalikuwa yale yale. Je, ni ajabu kama mtu kama huyo aliendelea kukiamini chombo chake kuliko maneno ya serikali zilizokuja na kuondoka?

Chombo hicho, kuanzia mwishoni mwa karne ya 19, kilizidi kuwa debe. Debe halikutengenezwa liwe kipimo. Lilikuwa bati la kuletea mafuta ya taa kutoka ng'ambo. Lilipomalizika mafuta lilibaki chombo kizuri chenye pembe nne, chepesi na cha ukubwa mmoja popote lilipoonekana, kuanzia Mombasa hata Bujumbura. Watu walilichukua wakalifanya kipimo cha maji, mahindi, dagaa na mawese. Debe lilikuwa na ujazo wa galoni nne za Kiingereza, yaani zaidi kidogo ya lita 18. Galoni ya maji ina uzito wa ratili 10, hivyo debe la maji lilikuwa ratili 40. Lakini debe la mawese halikufika ratili 40. Lilikuwa ratili 36 na kitu. Msomaji atakuwa amekwisha kuikumbuka hesabu ya frasila. Kwa bahati tu, bila mtu yeyote kukusudia, bati la mafuta ya taa likijazwa mawese lilikuwa karibu sawa na frasila ya wazee. Waliokuwa wanahesabu debe moja kuwa frasila moja hawakukosea sana. Walikosea kwa ratili moja hivi.

Kwa nini debe la mawese likawa jepesi kuliko debe la maji? Hapa inatubidi tuingie kidogo katika sayansi. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Ndivyo kipimo cha kilo kilivyobuniwa hapo mwanzo. Mafuta ni mepesi kuliko maji, ndiyo maana huelea. Katika joto la kawaida la mchana wa Kigoma, lita moja ya mawese ina uzito wa karibu gramu 910. Kutokana na tarakimu hiyo moja twaweza kupata nyingine zote. Nusu lita ni gramu 455, ambazo ni sawa na ratili moja ya Kiingereza. Kikombe cha mililita 250 ni gramu 228. Kijiko kikubwa cha mililita 15 ni karibu gramu 14, na kijiko cha chai cha mililita 5 ni gramu nne na nusu. Dumu la lita 20 ni kilo 18 na gramu 200.

Kwa wale wasiopenda desimali, iko njia nyepesi ya kukumbuka: lita 11 za mawese ni kilo 10. Ukitaka kutoka lita kwenda kilo, toa fungu moja katika kila mafungu 11. Ukitaka kutoka kilo kwenda lita, ongeza fungu moja juu ya kila mafungu 10. Kanuni hiyo inatosha kwa sokoni, jikoni na darasani, na mwanafunzi aweza kuifanya kichwani bila kalamu.

Tofauti ya fungu moja katika 11 yaonekana ndogo. Tuipime kwa mifano.

Mkulima anauza mawese yake kwa bei ya lita. Mnunuzi anakuja na mizani badala ya chombo cha lita, akisema kwamba mambo ni yale yale, lita moja ni kilo moja, kila mtu anajua. Mkulima anamimina mpaka mizani inasoma kilo 20, naye analipwa fedha ya lita 20. Lakini ili mizani isome kilo 20 imembidi amimine lita 22. Lita mbili zimekwenda bila malipo. Akiuza hivyo mara kumi, ametoa lita 220, yaani madumu 11, naye amelipwa madumu kumi. Dumu moja zima, pamoja na jasho la kupanda mti, kukata mashada, kutwanga na kuchemsha, limepotea katika maneno matano: lita moja ni kilo moja.

Tugeuze mfano. Mchuuzi ananunua vijijini madumu 100 kwa lita, naye ameahidi kumpelekea tajiri wa mjini tani mbili. Mzigo unapopimwa unaonekana kuwa kilo 1,820. Zimepungua kilo 180, karibu madumu kumi. Dereva anashutumiwa, utingo anashutumiwa, na pengine watu wanafikishana polisi. Lakini hakuna aliyeiba. Lita 2,000 zilizopakiwa zimefika lita 2,000. Kilichopungua ni elimu ya aliyeahidi.

Wala si uzito wa asili tu unaotuchezea. Mawese, kama mafuta mengine, hutanuka yakipata moto na kusinyaa yakipoa. Lita moja ya mawese yenye joto la nyuzi 50, yale yaliyotoka kuenguliwa punde, ina uzito wa gramu 895 hivi. Dumu likijazwa lita 20 za mafuta hayo ya moto, kesho yake asubuhi, joto likishuka mpaka nyuzi 30, litakuwa na lita 19.7 tu. Zaidi ya robo lita imetoweka bila kumwagika wala kuibwa. Uzito, hata hivyo, haukubadilika hata kidogo. Kwa hiyo anayenunua mafuta ya moto kwa lita na kuyauza yakiwa baridi hupunjika kila siku, huku akimlaumu mtu asiye na kosa.

Tena mawese huganda. Katika majira ya baridi, hasa usiku wa Juni na Julai, mtu huamka akakuta sehemu ya mafuta imekuwa nzito na ya rangi ya chungwa chini ya chombo, na juu yake yakabaki mafuta mekundu mepesi. Anayepimiwa ya juu na anayepimiwa ya chini hawapati kitu kimoja, ingawa kibaba ni kile kile. Na mafuta yaliyoganda, ambayo tulisema hayarundiki, sasa hurundikika. Kibaba cha mfuto chaweza kuwa cha tele, au chaweza kuachwa na mapengo ya hewa ndani yake. Wauzaji waangalifu huyapasha moto kwanza, wakayakoroga, ndipo wapime. Desturi hiyo ni ya kienyeji, nayo yakubaliana kabisa na kanuni za sayansi.

Je, tuseme basi kwamba mizani ndiyo mkombozi, na chombo kitupwe? La. Tuikumbuke ile siri ya pili ya kuengua. Mafuta yasiyokaushwa vema hubakiwa na maji, na maji ni mazito kuliko mafuta. Dumu lenye lita 18 za mawese na lita mbili za maji lina uzito wa karibu kilo 18.4, wakati dumu la mawese matupu lina kilo 18.2. Mizani peke yake itamsifu mwenye hila kuwa ameleta zaidi. Chombo peke yake nacho kitasema kwamba dumu limejaa. Lakini vyote viwili vikisimama pamoja, uwongo hufichuka: lita moja ya mawese ya mchana wa kawaida ikizidi gramu 910 kwa kiasi cha kuonekana, pana jambo la kuulizwa. Twaona hapa kuwa chombo na mizani ni mashahidi wawili, na shahidi mmoja hatoshi.

Uko mfano mmoja zaidi ambao unagusa si mfuko tu bali na ngozi ya mtu. Mawese hutumika kutengenezea sabuni, na watu wengi, hasa vikundi vya akina mama, wamejifunza kazi hiyo kwa kutumia kostiki soda. Kanuni ya kazi hiyo husema kuwa kila gramu 1,000 za mawese zahitaji karibu gramu 141 za soda. Mtengenezaji asiye na mizani ya kutosha hupima mafuta kwa chupa ya lita moja na kutia gramu 141 za soda. Lakini ndani ya chupa yake mna gramu 910 tu za mafuta, ambazo zahitaji gramu 128 hivi. Gramu 13 zinazozidi hazikupata mafuta ya kuungana nayo. Hubaki ndani ya sabuni zikiwa kali, na humchoma mtoto atakayeogeshwa kwayo. Kosa la kipimo kidogo, ambalo sokoni lingekuwa hasara ya senti chache, nyumbani laweza kuwa jeraha.

Tungependa walimu wasiliache somo hili katika karatasi. Kila shule yaweza kulifanya jaribio hili kwa chupa moja, mizani ndogo, maji na mawese kidogo. Pima chupa tupu. Ijaze maji mpaka alama, uipime. Toa uzito wa chupa upate uzito wa maji. Mwaga maji, ikaushe chupa kabisa, ijaze mawese yaliyokorogwa mpaka alama ile ile, uipime tena. Kama maji yalikuwa gramu 300, mawese yatakuwa karibu gramu 273. Gawanya uzito wa mafuta kwa uzito wa maji, nawe utapata 0.91. Mwanafunzi asiambiwe jibu kabla, na alitafute. Kisha apewe mafuta ya asubuhi na mafuta ya moto, na mafuta yaliyotiwa maji kidogo, aeleze kwa nini majibu yanatofautiana. Hapo hisabati, sayansi na historia ya mkoa wa Kigoma zitakuwa zimekutana mezani pamoja.

Siku hizi debe la bati limeachia nafasi dumu la plastiki la lita 20. Nalo pia halikutengenezwa liwe kipimo cha mawese. Lilikuja na mafuta mengine, kisha likazoewa. Likijazwa hata mdomoni huchukua zaidi ya lita 20, na mnunuzi anayelitaka lijazwe namna hiyo amerudisha kibaba cha tele kwa mlango wa nyuma, kama vile wanunuzi wa mazao mengine walivyorudisha rundo juu ya gunia, wakaliita lumbesa. Wakala wa Vipimo, ulioanzishwa mwaka 2002, una kazi ya kuhakiki mizani na vyombo vya biashara nchini. Lakini hakuna mkaguzi awezaye kusimama kando ya kila kinu na kila gati. Mkaguzi wa kwanza ni muuzaji mwenyewe anayejua hesabu yake.

Jambo hilo linazidi kuwa na maana sasa. Tangu mwaka 2018 Serikali imekuwa ikihimiza kilimo cha mchikichi mkoani Kigoma, na kituo cha utafiti cha Kihinga kimepewa kazi ya kuzalisha mbegu bora. Mti ukizidi kupandwa, mafuta yatazidi kusafiri. Na mafuta yanayosafiri hupita katika vipimo vingi: kijijini huuzwa kwa chupa na dumu, njiani huhesabiwa kwa kilo, na katika masoko ya dunia bei ya mawese hutajwa kwa tani. Katika kila kituo cha safari hiyo yuko mtu anayegeuza ujazo kuwa uzito au uzito kuwa ujazo. Asiyejua kugeuza humwachia mwingine amgeuzie, naye hulipia huduma hiyo bila kujua kuwa ameilipia.

Watu wa Ujiji wameishi na mafundisho ya Uislamu kwa muda mrefu, na wengi wao huijua sura ya 83 ya Kurani, ambayo inawaonya vikali wale wanaopunja vipimo, wale wanaotaka kujaziwa wanapopokea na kupunguza wanapotoa. Hata leo, mwezi wa Ramadhani unapokwisha, zaka ya fitri hutajwa kwa pishi, ingawa mchele wenyewe hupimwa kwa kilo. Kipimo cha kale hakikufa; kimehifadhiwa mahali ambapo watu huona haya kudanganya. Wazee wetu walielewa kwamba kipimo ni ahadi. Aliyekishika kibaba mkononi alikuwa ameshika neno lake.

Sisi hatudai kwamba kibaba na frasila virudishwe. Kilo na lita ni vipimo vya taifa na vya dunia, navyo vyafaa. Tunalodai ni kwamba mtu wa ufuo asipewe vipimo vipya bila kupewa hesabu inayoviunganisha. Katika historia ya Kigoma kila utawala ulileta mizani yake, na mara chache ulimweleza mwenye chungu chungu chake kina thamani gani katika mizani hiyo. Kazi ya kumweleza imetuangukia sisi, walimu na wanafunzi wa leo. Nayo si kazi kubwa: lita 11 ni kilo 10, mafuta na yakorogwe kabla ya kupimwa, na chombo kisiaminiwe bila mizani wala mizani bila chombo. Anayeyajua hayo matatu aweza kwenda sokoni Ujiji, Mwanga au Kibirizi akauza mawese yake bila kupunjwa na bila kumpunja mwenziwe.